Kwa nini samaki gapi hufa mapema katika matangi ya nyumbani

SAMAKI watano hununuliwa Jumamosi wakiwa katika mfuko uliojaa maji na hewa, humiminwa katika bakuli la kioo lililooshwa likang'aa, na watoto wa nyumba hugombania zamu ya kuwalisha. Jumanne mmoja huonekana akihema juu ya maji. Alhamisi amekwisha kufa. Maji yote humwagwa, bakuli husuguliwa upya kwa sabuni, maji mengine hutiwa, na ifikapo Jumapili hubaki samaki mmoja au hakuna kabisa.

Lawama hupelekwa kwa muuza samaki, au kwa samaki mwenyewe, kwamba ni kiumbe dhaifu asiyestahili kufugwa. Mara nyingi lawama hizo hazina haki. Gapi ni miongoni mwa samaki wa mapambo wavumilivu kuliko wote. Katika makazi yake ya asili huishi mitoni, katika mifereji na madimbwi, hata karibu na midomo ya mito ambako maji ya bara huchanganyika na ya bahari. Kinachomuua katika juma la kwanza ni maji aliyowekewa, na aghalabu ni usafi wa mwenye nyumba uliopita kiasi.

Asili ya gapi ni kaskazini-mashariki ya Amerika ya Kusini, yaani Venezuela, Guyana, Suriname na visiwa vya Trinidad na Tobago. Jina lake la kisayansi, Poecilia reticulata, alipewa mwaka 1859 na Mjerumani Wilhelm Peters wa makumbusho ya wanyama ya Berlin, kutokana na samaki waliopatikana Caracas. Peters si mgeni katika historia ya upande huu wa dunia, kwani katika miaka ya 1840 alikaa Msumbiji akikusanya wanyama wa pwani na bara. Miaka 7 baadaye, mwaka 1866, Albert Günther wa British Museum mjini London alimpa samaki huyo huyo jina jingine, kwa heshima ya Robert John Lechmere Guppy, mkazi wa Trinidad aliyepeleka sampuli huko. Kwa kanuni za wanasayansi jina lililotangulia ndilo linalotumika, hivyo la Günther likaachwa. Lakini jina la Guppy lilikuwa limekwisha kuzoeleka midomoni mwa watu.

Dume ana urefu wa sentimita 2.5 hadi 3.5, na ndiye mwenye mkia mpana na rangi za kuvutia. Jike hufikia sentimita 4 hadi 6, ana tumbo kubwa, na kwa kawaida rangi yake imefifia. Wote wawili huishi kiasi cha miaka 2, wakati mwingine 3, wakitunzwa vizuri. Mfugaji ambaye gapi wake hawapiti miezi 3 ana sababu ya kuyachunguza maji yake.

Bakuli na tangi

Kosa la kwanza hutendeka dukani, kabla samaki hajanunuliwa. Bakuli la duara la lita 4 au 5 hupendeza mezani, lakini ni makazi mabaya. Uchafu wa samaki watano ukiingia katika lita 5 huwa mzito mara kumi kuliko uchafu huo huo katika lita 50, na joto la maji machache hupanda na kushuka upesi kufuata joto la chumba. Aidha, bakuli likijazwa hadi shingoni hubakiza eneo dogo ambalo hewa hukutana na maji, na hapo ndipo oksijeni ya samaki inapoingilia.

Tangi dogo linalomfaa anayeanza ni lile lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30. Ujazo wa tangi lolote la pembe nne hupatikana kwa kuzidisha vipimo hivyo vitatu na kugawanya kwa 1,000. Tangi hilo basi ni la lita 54, ingawa likishatiwa changarawe na kuachiwa nafasi juu hubaki na maji ya lita 45 hivi. Fundi wa vioo anaweza kuliunda kwa gundi ya silikoni, mradi gundi hiyo iwe ni ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huwadhuru samaki. Meza ya kuliweka sharti iwe imara. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na tangi lililojaa, pamoja na vioo na changarawe yake, hulingana na uzito wa mtu mzima.

Tangi lisikae dirishani panapopigwa na jua, kwani maji hupata joto kupita kiasi na kugeuka kijani kwa mwani. Linahitaji pia kifuniko kinachopitisha hewa. Gapi huruka, na si ajabu kumkuta asubuhi amekauka sakafuni.

Kichujio cha kutosha kwa tangi hilo ni kile cha sponji kinachoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Vichujio vya bei kubwa huwa na mkondo wenye nguvu ambao dume mwenye mkia mrefu hawezi kushindana nao, akachoka na kujificha pembeni. Pampu ya hewa iwekwe mahali palipo juu kuliko usawa wa maji ya tangi. Ikiwekwa chini, umeme unapokatika maji huweza kurudi kwa mrija na kuingia ndani ya mashine.

Sumu isiyoonekana

Mwenye kuelewa sehemu hii moja ameelewa sehemu kubwa ya ufugaji wa samaki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake usiku na mchana. Kinyesi na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia zaidi. Mtoni uchafu huo huchukuliwa na maji mengi yanayopita. Ndani ya kioo hauna pa kwenda. Maji yenye amonia huweza kuwa maangavu kama ya kunywa, wala hayana harufu yoyote ya kumwonya mtu, ilhali matamvua ya samaki yanaungua.

Tangi lililokomaa lina walinzi wake. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi; hujishikiza katika sponji ya kichujio, katika changarawe, kwenye mimea na vioo. Katika maji ya nyuzi 25 za Sentigredi huchukua wiki 3 hadi 6 kuongezeka hadi kufikia idadi ya kutosha.

Hapo ndipo kisa cha bakuli lile kinapoeleweka. Samaki waliwekwa katika chombo kisicho na bakteria hata mmoja wa kuwafaa. Amonia ikapanda siku ya pili na ya tatu. Mmoja alipokufa, mwenye nyumba alisugua kila kitu kwa sabuni, akawaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kuota, na safari ikaanza upya kutoka mwanzo. Kila usafi wa namna hiyo huwarudisha samaki katika juma la kwanza, ambalo ndilo la hatari kuliko yote.

Ukali wa amonia hutegemea pia tabia ya maji yenyewe. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika hali ya sumu kali. pH ikifika 8, sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 5 hivi. Ndiyo kusema kiasi kile kile cha uchafu huweza kuvumilika katika tangi moja na kuua katika jingine. Joto nalo huongeza ukali huo. Mfugaji wa pwani, mwenye maji ya vuguvugu na mara nyingi yenye alkali, hana nafasi kubwa ya kufanya makosa.

Njia iliyo salama ni kuliandaa tangi kabla ya samaki. Maji hutiwa, kichujio huwashwa, na chembe chache za chakula cha samaki hudondoshwa kila siku ili zioze na kuwapa bakteria riziki yao. Baada ya wiki 4 au zaidi, vipimo vya matone vinavyouzwa na wauzaji wa vifaa vya samaki huonyesha amonia na nitriti zikiwa sifuri, ishara kwamba bakteria wamefika. Ipo njia ya mkato inayopunguza muda huo sana: kuomba kipande cha sponji iliyokwisha kutumika, au konzi kadhaa za changarawe, kutoka kwa mfugaji ambaye tangi lake lina afya, na kuviingiza katika tangi jipya siku hiyo hiyo vikiwa bado vimelowa.

Aliyekwisha kununua samaki, na hawezi kungoja, aanze na watatu tu katika lita 54, awalishe kidogo mara moja kwa siku, na abadili robo ya maji kila baada ya siku mbili kwa muda wa mwezi mzima. Ni kazi, lakini hupunguza vifo. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji, matamvua yao yakiwa mekundu na mapezi yamebanwa mwilini, robo au theluthi ya maji ibadilishwe mara moja bila kungoja zamu yake. Ikiwa kipimo kimeonyesha nitriti, chumvi ya gramu 1 kwa kila lita husaidia, kwa sababu kloridi iliyomo huzuia nitriti kupenya kwenye matamvua.

Baada ya tangi kukomaa, utaratibu huwa mwepesi. Kila wiki robo hadi theluthi ya maji hunyonywa kwa mpira mwembamba kutoka chini, pamoja na uchafu uliotuama, na kurudishiwa maji mapya yenye joto linalokaribiana na la tangi. Sponji isioshwe bombani. Ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji yale yale yaliyonyonywa, mara moja kwa mwezi hivi, hadi itoe matope mengi na kupitisha maji vizuri. Ikibaki na rangi ya kahawia haina ubaya. Sabuni haina nafasi popote katika kazi hii.

Kuna wanaodhani kwamba kujaziliza maji yaliyokauka ni sawa na kubadili maji. Mvuke huondoka na maji matupu, ukiacha chumvi na nitrati nyuma. Kila ukijaziliza, vitu hivyo huongezeka. Tangi lililojazilizwa kwa miezi 6 bila kupunguzwa huwa na maji ambayo samaki wa zamani wameyazoea polepole, lakini samaki mgeni akiingizwa humo hufa kwa siku moja, na mwenye nyumba hubaki akishangaa.

Maji ya bomba, ya kisima na ya mvua

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yasiwe na vijidudu, na klorini hiyo huunguza matamvua na kuwaua bakteria wa kichujio. Yakiachwa katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au kwa muda mfupi zaidi yakivuvumiwa na pampu ya hewa, klorini huondoka. Mahali ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kungoja hakutoshi; inahitajika dawa ya kuondoa klorini, ambayo mara nyingi huwa na thaiosalfeti ya sodiamu. Matone machache ya dawa hiyo hutosha ndoo nzima.

Kuhusu visima, gapi ana bahati kuliko samaki wengi. Maji mazito yenye madini, na hata yenye chumvi kidogo kama ya visima vingi vya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, humfaa kuliko maji laini. Anapendelea pH ya kati ya 7 na 8. Maji ya mvua matupu ndiyo yanayomdhuru, kwani hayana madini, na pH yake hushuka kwa urahisi. Gapi katika maji laini husimama mahali pamoja akitikisika mwili kama mwenye baridi, mapezi yamebanwa. Huo si ugonjwa wa kuambukiza, na dawa haitausaidia. Makombe machache ya baharini yaliyooshwa vizuri, yakiwekwa ndani ya tangi, hutoa chokaa kidogo kidogo na kurekebisha hali hiyo.

Maji yoyote yafaayo huweza kuua yakibadilika ghafla. Samaki mgeni huachwa ndani ya mfuko wake ukielea kwa dakika 15 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi huongezwa mfukoni kikombe kwa kikombe kwa muda wa nusu saa. Mwishowe samaki huhamishwa kwa wavu, na maji ya dukani humwagwa nje, yasiingie katika tangi.

Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 22 na 28. Pwani hakuna haja ya hita. Tatizo huwa kinyume chake. Maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni ya miligramu 9 hivi kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika miligramu 7.5 tu, wakati ambapo samaki naye, kwa sababu ya joto, anahitaji oksijeni zaidi. Katika miezi ya joto kali usawa wa maji upunguzwe kidogo, mapovu ya pampu yaongezwe na kifuniko kiachwe na upenyo. Katika nyanda za juu kama Iringa, Njombe, Mbeya na Arusha, usiku wa Juni na Julai huteremsha maji chini ya nyuzi 20. Huko hita ndogo yenye kujizima yenyewe ni kifaa cha lazima.

Umeme unapokatika, gapi wachache katika tangi pana wanaweza kustahimili saa nyingi. Wasilishwe mpaka umeme urudi, na kila baada ya muda maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu ili yachukue hewa. Ziko pia pampu ndogo za betri, ambazo ni akiba nzuri. Mwenye kichujio kilichofungwa ndani ya kopo afahamu kwamba bakteria walio humo huanza kufa wakikosa hewa. Kikikaa saa nyingi bila kufanya kazi, kifunguliwe na kusuuzwa kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa tena.

Hatari nyingine haitajwi mara kwa mara, nayo imo karibu katika kila nyumba ya ukanda huu. Dawa za kupuliza za kuulia mbu na mende, hasa zile za jamii ya pairethroidi, humdhuru mtu kidogo lakini ni sumu kali sana kwa samaki. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Kabla ya kupuliza, pampu izimwe, tangi lifunikwe kwa nailoni na kitambaa kilicholowa, na chumba kipishwe hewa vizuri kabla ya kuiwasha tena. Njia bora ni kutopuliza kabisa katika chumba hicho. Hali kadhalika, mkono wenye losheni, manukato au mabaki ya sabuni usiingie majini.

Chakula na maradhi

Mdomo wa gapi hauna kinyongo na chakula. Huomba kila anapomwona mtu, na wenye huruma humwua kwa ukarimu. Kiasi kinachofaa ni kile kinachokwisha kwa dakika 2, mara moja au mbili kwa siku. Kinachobaki kikizama huoza na kuwa amonia. Siku moja ya kufunga kwa wiki haimdhuru, na samaki wazima hustahimili safari ya siku 3 ya mwenye nyumba bila kulishwa. Kumwachia jirani kopo zima la chakula ni hatari kubwa kuliko njaa.

Gapi hula vya mimea na vya nyama. Chakula cha dukani kinachosagwa vidoleni kinatosha kuwa msingi, kikiongezewa mara mbili kwa wiki yai lililochemshwa na kusagwa, kiini chake kwa uchache sana, au mchicha uliochemshwa na kukatwakatwa. Viluwiluwi vya mbu kutoka katika pipa safi huwafurahisha kuliko vyote. Sehemu ya rangi ya chungwa ya dume hutokana na karotenoidi, ambazo mwili wake hauwezi kuzitengeneza. Huzipata katika mwani na vyakula vingine. Dume anayefifia basi huenda anapungukiwa na lishe, au anaumwa.

Maradhi mengi huingia na samaki mpya. Ndoo ya lita 20 yenye sponji ya akiba hutosha kumtenga mgeni kwa wiki 2 hadi 4 kabla ya kumchanganya na wenyeji. Wachache hufanya hivyo, na wengi hujuta.

Ugonjwa unaojulikana zaidi ni wa vidoa vyeupe, kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Husababishwa na kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Kikiwa ndani ya ngozi hakifikiwi na dawa; hufikiwa pale tu kinapotoka na kuogelea majini kutafuta samaki mwingine. Kwa sababu hiyo tiba haina budi kuendelea kwa siku 10 au zaidi, hata kama vidoa vimetoweka siku ya tatu. Gapi huvumilia chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa kila lita, ikiongezwa kidogo kidogo kwa siku mbili, pamoja na joto la nyuzi 28 hadi 30 na hewa ya kutosha. Mimea mingine ya majini haiivumilii chumvi hiyo, hivyo ni vema itolewe kwanza.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao kwa mbali, ambao tiba ya joto huuchochea. Huo ni ule wa bakteria Flavobacterium columnare: utando wa kijivu au mweupe mdomoni, au doa pana mgongoni mfano wa tandiko la punda. Huenea haraka katika maji ya moto na huweza kumaliza tangi kwa siku chache. Mgonjwa atengwe mara moja, maji yabadilishwe kwa wingi na joto lisipandishwe. Kumimina vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini ni tendo baya. Mara nyingi kipimo huwa si sahihi, bakteria wema wa kichujio hufa, na amonia hurudi siku ile mgonjwa alipo dhaifu zaidi.

Nyuzi nyekundu zinazochungulia katika njia ya haja ya samaki ni minyoo aina ya Camallanus. Huondolewa kwa levamisole, dawa inayotumika pia kwa mifugo, na kipimo chake kitolewe na daktari wa mifugo. Samaki anayekonda wiki hadi wiki ingawa anakula, uti wake ukapinda, huenda ana kifua kikuu cha samaki, ambacho hakina tiba ya kuaminika nyumbani. Mojawapo ya bakteria wake, Mycobacterium marinum, huweza kumwambukiza binadamu kupitia jeraha na kuleta vidonda vya ngozi visivyopona upesi. Mwenye mchubuko mkononi asiuingize katika maji ya tangi lolote.

Wingi wa watoto

Gapi hatagi mayai. Huzaa watoto walio tayari kuogelea, kila baada ya wiki 4 hivi. Uzazi mmoja huweza kuwa wa watoto wachache au kufikia mia, na 20 hadi 50 ni kawaida. Jike akipandwa mara moja huhifadhi mbegu mwilini kwa miezi kadhaa na kuendelea kuzaa bila dume. Kwa hiyo jike aliyenunuliwa katika duka linalochanganya jinsia zote karibu kila mara huwa tayari ana mimba.

Majike wawili wakizaa watoto 30 kila mmoja, tangi la lita 54 huwa na samaki 60 zaidi katika mwezi mmoja. Wazazi hula baadhi yao, lakini penye mimea mingi wanaosalia hutosha kuilemea kazi ya bakteria, na vifo huanza upya katika tangi ambalo mwenyewe aliamini limekomaa. Kwa anayeanza, shauri lenye faida ni kufuga madume watupu, 6 hadi 8. Rangi zote zimo kwao, na hesabu haibadiliki.

Anayetaka kuzalisha aweke majike 2 au 3 kwa kila dume, kwa kuwa dume hamwachi jike apumzike, na jike aliye peke yake huchoka hadi kuugua. Watoto wa kiume hutambulika wakiwa na wiki 4 hadi 6, wakati pezi lililo chini nyuma ya tumbo linapoanza kuchongoka kama kijiti. Watenganishwe hapo hapo. Kila baada ya vizazi vichache damu mpya iletwe kutoka kwa mfugaji mwingine, la sivyo hutokea samaki wenye migongo iliyopinda na wasiostahimili maradhi.

Linabaki swali la samaki wa ziada, na jibu linalowajia wengi ni mto au bwawa la karibu, kwa hoja kwamba watakula viluwiluwi vya mbu. Hoja hiyo ina historia ndefu. Katika karne ya 20 gapi walisambazwa katika nchi nyingi za joto kwa kusudi hilo, na Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi walikoingizwa. Mbu hawakwisha, na mahali pengi gapi wamewaathiri samaki wadogo wa asili. Madimbwi ya msimu ya pwani ya Tanzania na Kenya yana samaki wake, jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao hungoja ndani ya tope wakati wa kiangazi na kuanguliwa mvua zinaponyesha. Baadhi ya aina hizo hazipatikani kwingineko duniani.

Samaki wa ziada wapewe wafugaji wengine, warudishwe kwa muuzaji, au walishwe samaki wakubwa. Jike mmoja akitupwa mtoni, hata akiwa peke yake, tayari amebeba mbegu za kuanzisha ukoo mzima.